Kompyuta ya Karatasi

Ni miaka michache katika historia ya maarifa ya nchi yetu iliyokusanya mambo yanayopingana kama mwaka 1975. Januari ya mwaka huo jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics, ambalo mafundi wa redio wa nchi nyingi walikuwa wamelizoea, lilitoka na picha ya sanduku la chuma lenye safu za swichi na vitaa vidogo, likitangaza ya kuwa mtu wa kawaida, asiye serikali wala benki wala chuo kikuu, sasa aweza kujiundia kompyuta nyumbani kwake. Na Desemba ya mwaka uo huo Mwalimu Julius Nyerere alilifungua jengo jipya la Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, ambalo paa lake la zege limekunjuka mithili ya miavuli mikubwa juu ya vichwa vya wachuuzi. Baina ya mambo mawili hayo, ambayo kila moja kwa namna yake lilitangaza kuwa watu wa kawaida wana haki ya vitu vikubwa, kulisimama jambo la tatu: tangu 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake pasipo kibali maalumu.

Asije msomaji akadhani ya kuwa marufuku ile ilitokana na chuki juu ya ilimu. Kompyuta ya kwanza ya nchi, mashine iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, yenye jina la ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada yake zikafuata nyingine chache ambazo jumla yake, hata marufuku ilipokuja, haikufika kumi. Kazi ya kutunza hesabu za serikali ilipokabidhiwa mashine, mambo yakaharibika, kwa kuwa takwimu zilizolishwa ndani yake zilikuwa na makosa mengi, na waliojua kuiendesha aghalabu walikuwa wataalamu wa kigeni, na wenyeji waliofunzwa walikuwa wachache mno. Hesabu zikavurugika, na wizara ikalazimika kurudi kwenye mashine za kuhesabia za zamani. Fauka ya hayo ukaja ukame, na bei ya mafuta ikapanda baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, hata fedha za kigeni zikakauka katika hazina, na walioshika hatamu wakaiona kompyuta kuwa anasa isiyokuwa na dhamana. Televisheni nayo iliingia katika hukumu iyo hiyo: Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka 1994, ilhali Unguja ilikuwa nacho, tena cha rangi, takriban miaka ishirini mbele.

Lakini karatasi haikupigwa marufuku. Afisa wa forodha aliyeagizwa kuzuia vyombo hakuagizwa kuzuia majarida yanayoeleza jinsi vyombo hivyo vinavyoundwa, na kwa mlango huo mwembamba, ambao sidhani kama kuna aliyeufungua kwa makusudi, ilimu ya kompyuta iliingia Dar es Salaam ikiwa imechapwa. Kwa muda wa takriban miaka ishirini, kwa vijana wengi wa mjini, kompyuta ilikuwa kitu cha kusomwa kabla ya kuwa kitu cha kuguswa. Na sura hii nimeikusudia kwa ajili ya majarida hayo na wasomaji wake, kwa sababu naamini kwa dhati ya kuwa walichojifunza kwa karatasi ni ilimu kamili, wala haikuwa kivuli tu cha ilimu waliyonyimwa.

Wala hali hiyo haikuwa ya kwetu peke yetu hapo mwanzo. Sanduku lile la Popular Electronics, ambalo jina lake ni Altair 8800, lilipopigwa picha ya jalada lilikuwa tupu ndani, kwa kuwa mashine yenyewe iliyoundwa na Ed Roberts na wenzake wa kampuni ya MITS ilipotea njiani ilipokuwa ikisafirishwa kutoka Albuquerque kwenda New York. Wasomaji waliotuma hundi zao, dola 397 kwa seti ya vipande vya kuunganisha mwenyewe, yaani karibu shilingi 2,800 kwa thamani ya fedha yetu wakati ule, waliagiza kitu ambacho hawakukiona ila katika kurasa. Vijana wawili walioliona jarida lile, Paul Allen na Bill Gates, waliiandikia Altair lugha ya BASIC pasipo kuwa na Altair hata moja, wakitegemea maelezo yaliyochapwa ya chipu ya Intel 8080. Tofauti yao na kijana wa Dar es Salaam ni kuwa wao walikuwa na kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard ya kuigiza juu yake tabia za ile ndogo. Yaani hata wale ambao baadaye dunia iliwaita waasisi walianza kwa kusoma mashine isiyokuwapo mbele ya macho yao.

Baada ya Altair majarida yakamiminika. BYTE lilitoka toleo la kwanza Septemba 1975 katika mji mdogo wa Peterborough, New Hampshire, mhariri wake akiwa Carl Helmers, likajinadi kuwa ni jarida la mitambo midogo. Kabla yake, 1974, David Ahl alikuwa ameanzisha Creative Computing, lililowapendelea walimu na wapenzi wa michezo. Na 1976 likaja Dr. Dobb's Journal, lililochapa programu nzima nzima, mstari kwa mstari, na kuwaacha wasomaji wazichukue na kuzigeuza wapendavyo. Uingereza likatokea Personal Computer World mwaka 1978. Katika hayo yote mimi nalipenda BYTE kuliko mengine, na sababu yangu ya kwanza ni majalada ya Robert Tinney, ambaye alikuwa akichora mawazo magumu kwa namna ambayo hata mtoto asiyejua Kiingereza aweza kukaa nayo saa nzima: jalada la Agosti 1981, lenye puto la rangi likipaa juu ya kisiwa, lilikuwa likieleza lugha ya Smalltalk, na ingawa wachache sana katika Afrika Mashariki walipata kuiona Smalltalk ikifanya kazi, lile puto mtu akiliona mara moja halimtoki tena.

Sababu ya pili ni namna jarida lile lilivyomheshimu msomaji. Steve Ciarcia, ambaye tangu 1977 aliandika humo makala za kila mwezi juu ya vyombo alivyoviunda kwa mikono yake, hakuwahi kumwambia msomaji kuwa jambo fulani ni gumu mno kwake, bali alimpa mchoro wa saketi, orodha ya vipande, na maelezo ya kwa nini kipande hiki kimewekwa hapa na kile pale, kisha akamwachia kazi. Hiyo ndiyo tabia ya fundi anayemfunza mwanagenzi. Na hapo ndipo majarida haya ya ughaibuni yalipokutana na Kariakoo.

Kwani Kariakoo, tangu siku za transista, ilikuwa na madrasa yake ya umeme mdogo. Redio ilipoenea baada ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza kurusha matangazo mwaka 1951, na hasa redio za betri zilipopungua bei na viwanda vya Matsushita hapa mjini na Philips kule Arusha vilipoanza kuziunda nchini, kila mtaa ulipata fundi wake, naye akakaa barazani au katika kibanda cha mbao, mbele yake pana meza iliyochomwa madoadoa na chuma cha kulehemu, koleo, mita yenye mshale, kopo la skrubu, na maiti za redio alizozichana ili viungo vyake viokoe redio nyingine. Fundi huyo aghalabu hakusoma zaidi ya darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotezea, lakini mchoro wa saketi aliusoma pasipo mkalimani: alama ya transista ni ile ile Dar es Salaam na London, na namba iliyoandikwa pembeni, OC71 au AC128 au BC108, ilikuwa kwake jina la mtu anayemfahamu, ambaye anajua anakaa wapi katika lile kopo na nani aweza kushika zamu yake asipopatikana.

Kwa mafundi hao majarida ya redio ya Uingereza, kama Practical Wireless lililoanza 1932 na Practical Electronics lililoanza 1964, yalikuwa mali. Hayakufika kwa utaratibu wowote. Yalikuja katika mabegi ya wanafunzi waliorudi kutoka masomoni, na katika vifurushi ambavyo jamaa waliohamia Leicester au Toronto waliwaletea ndugu zao wa Kisutu na Upanga, na katika masanduku ya wataalamu waliomaliza mikataba wakauza vitu vyao kabla ya kupanda ndege. Kisha yakashuka daraja kwa daraja, kutoka sebuleni hadi kwa wauza vitabu vikuukuu waliotandika bidhaa zao kando ya Mtaa wa Samora, na kutoka hapo hadi Msimbazi na Uhuru, ambako ukurasa mmoja wenye mchoro wa kipaza sauti cha transista mbili za 2N3055 uliweza kuchanwa na kubandikwa ukutani juu ya meza ya fundi, ukabaki hapo mpaka moshi wa lehemu ukaugeuza rangi. Majarida ya kompyuta yalipoanza kuja, yalipita njia zizo hizo na kuangukia mikono iyo hiyo, nayo kwa sehemu yalisomeka: kurasa za programu zilikuwa giza kwa fundi wa redio, bali kurasa za saketi zilikuwa nyumbani.

Kwa hizo kurasa za programu palikuwa na wasomaji wa namna nyingine, nao ndio ninaotaka kukaa nao kidogo. Hawa walikuwa wanafunzi wa sekondari za mjini, karani mmoja mmoja wa benki au shirika la umma, mwalimu wa hesabu, kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Mlimani aliyewahi kuikaribia kompyuta ya chuo kwa kukabidhi kadi zake zilizotobolewa na kungoja majibu. Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967 katika mtaa ambao leo ni Bibi Titi Mohamed, iliwapa meza, kivuli na kimya. Maktaba ya British Council iliwapa magazeti na majarida ya Uingereza. Na aliyebahatika kupata nakala yake mwenyewe aliikopesha kwa masharti, jina la mkopaji likiandikwa jaladani kwa kalamu ya risasi.

Programu katika majarida yale ilichapwa ili msomaji aichape upya katika mashine yake, herufi kwa herufi. Kwa wale wasioikuta enzi hiyo naandika hapa mfano wangu mwenyewe, mdogo kabisa, katika lugha ya BASIC, ambayo John Kemeny na Thomas Kurtz waliibuni mwaka 1964 katika Chuo cha Dartmouth ili wanafunzi wasiokuwa wanasayansi nao waweze kuiamrisha kompyuta:

10 INPUT N
20 INPUT B
30 LET F = (B - N) * 50
40 PRINT F
50 GOTO 10

Mstari wa kwanza unauliza bei ya kununulia, wa pili bei ya kuuzia, wa tatu unatafuta faida ya mchuuzi mwenye vipande hamsini, wa nne unaitoa, na wa tano unairudisha mashine mwanzo. Mwenye kompyuta anaandika, anabonyeza, anapata jibu, anasahau. Asiyekuwa nayo anachukua daftari, anapiga mistari mitatu wima, anaandika N na B na F juu yake, na kuanza kuwa mashine yeye mwenyewe: N ni 4, B ni 6, tofauti ni 2, mara hamsini, F ni 100, sasa mstari wa tano waniambia nirudi kwenye kumi, narudi, naulizwa tena. Baada ya kurudi mara tatu nne mkono wenyewe unamfahamisha jambo ambalo mwenye mashine angeligundua kwa kushtuka tu, ya kuwa programu hii haina mlango wa kutokea, na kwamba aliyeiandika lazima aongeze mstari wa kuuliza kama kazi imekwisha. Njia hii ya kukagua programu kwa kalamu ilifundishwa na kusifiwa hata katika vyuo vya nchi tajiri, ambako muda wa mashine ulikuwa ghali. Lakini kwetu ilikuwa ndiyo njia yote. Nimewajua watu wazima, leo ni wahasibu na wahandisi wenye mvi, walioendesha kwa daftari michezo mizima kutoka kitabu cha BASIC Computer Games cha David Ahl, wakiwa hawajawahi kuiona ana kwa ana mashine yoyote, na walipokuja kuketi mbele yake kwa mara ya kwanza hawakuuliza kompyuta ni nini. Waliuliza swichi iko wapi.

Njia hiyo ilikuwa pia madrasa ya usomaji wa makini, na sijui jingine katika enzi yetu lililoidai akili umakini wa namna ile. Nukta mkato moja ikiachwa, au sifuri ikisomwa kuwa herufi O, programu nzima inaanguka. Na makosa mengine hayakuwa ya msomaji kabisa, yalikuwa ya mpiga chapa, yakaja kusahihishwa katika toleo la mwezi uliofuata, ambalo kwa msomaji wa Dar es Salaam pengine halikufika kamwe. Kwa hiyo msomaji wetu alijifunza kutoliamini hata jarida lenyewe, akawa anatafuta kosa kwa kufuata maana ya programu tangu mwanzo hadi mwisho. Marekani tatizo lilikuwa kubwa hata wachapishaji wa jarida la Compute! wakabuni, mwaka 1983, programu ndogo ya kukagua kila mstari kwa hesabu ya jumla iliyochapwa pembeni, ili mwandishi ajue papo hapo kama amekosea. Ni uvumbuzi mzuri, na uliwaokoa wengi usiku mwingi wa taabu. Ila waliokosa msaada huo ndio waliolazimika kufahamu.

Mashine ndogo za Sinclair zilipotoka Uingereza, ZX81 mwaka 1981 kwa pauni 49 na peni 95 kwa anayeunganisha mwenyewe, na Spectrum mwaka uliofuata, majarida yakageuka sura, yakawa ya vijana: Sinclair User, Your Sinclair, na Crash lililoanza 1984, yenye rangi kali na picha za michezo. Mashine hizo zilitumia televisheni kuwa kioo, na Bara televisheni hazikuwa na kazi; lakini zilitumia pia kaseti kuwa ghala la programu, na kaseti Kariakoo ilikuwa chombo cha kila duka. Kanda ile ile iliyobeba nyimbo za bendi za Mlimani Park na Juwata iliweza kubeba programu, ambayo ukiicheza katika redio kaseti inatoa mluzi wa kukwaruza, na mluzi huo ndio maandishi. Waholanzi walikwenda mbele zaidi: katika kipindi chao cha Hobbyscoop walirusha programu za kompyuta redioni, msikilizaji akazinasa katika kaseti na kuzipakia, na kwa kuwa kila aina ya kompyuta ilikuwa na BASIC yenye lahaja yake, wakabuni utaratibu wa BASICODE ili programu moja ifahamike na zote. Kila nikiusoma mpango huo nahuzunika kwa dhati, maana hakuna nchi ambayo ungeliifaa kama yetu, iliyokuwa na redio katika kila kijiji, na vipindi vya elimu ya watu wazima vilivyosikilizwa kwa vikundi chini ya miti, na kaseti katika kila mtaa. Kilichokosekana ni kile kimoja tu kilichokuwa kimefungiwa nje.

Hali ilianza kulegea katika bajeti ya 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa pasipo kuulizwa fedha hizo zilikotoka. Na vizuizi vya kompyuta vikapungua nguvu kidogo kidogo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikatoweka. Mashine zikaja, na majarida mengine yakaja pamoja nazo. Hapo lazima niseme hukumu yangu wazi. PC Magazine, lililoanza 1982, na PC World, lililofuata 1983, yalikuwa majarida hodari, yenye kupima mashine kwa uangalifu na kuzipanga katika majedwali. Lakini yalimgeuza msomaji kutoka fundi kuwa mteja. Hayakumwonyesha saketi, yalimwonyesha bei. Hayakumpa programu aiandike, yalimpa programu ainunue, na baadaye diski ikabandikwa jaladani ili hata kuandika kukome. BYTE lenyewe, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilizidi kurasa 500 kwa toleo moja, lilivutwa na mkondo huo huo, na toleo lake la mwisho la karatasi lilitoka Julai 1998.

Katika miaka hiyo hiyo, kwenye maghorofa ya Kariakoo na katikati ya mji, yalitundikwa mabango ya vyuo vya kompyuta, yakiahidi WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, na baada yake Windows. Huduma ya intaneti ikaingia mjini katikati ya muongo wa 1990 kwa mkono wa CyberTwiga. Na vijana waliopita katika vyuo hivyo walipata kazi, jambo ambalo sitalidharau hata kidogo, kwa maana kazi ni riziki. Ila walifunzwa vitufe. Mwanafunzi alijua abonyeze kipi ili barua itoke, wala hakuna aliyemwambia barua inakaa wapi ndani ya mashine. Majarida ya zamani yakapoteza wasomaji, nayo yakateremka daraja la mwisho ambalo karatasi yote ya mji huu huteremka: ukurasa ukasokotwa kuwa kikoni cha karanga, na mwingine ukapokea mafuta ya vitumbua.

Nimetafakari mara nyingi kwa nini hapakuwa na jarida la namna hii kwa lugha yetu, na jibu halimo katika udhaifu wa lugha. Mambo Leo, lililoanza kuchapwa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, lilieleza kwa Kiswahili fasaha kilimo, siha, jiografia na mambo ya ulimwengu, likayapa nafasi hata mashairi ya kina Shaaban Robert kuanza kuonekana, na wasomaji wake walilijibu kwa barua na mashairi. Jarida lililoweza kueleza maradhi ya mifugo lingeweza kueleza kuhesabu kwa sifuri na moja. Kilichopungua kilikuwa imani kwamba msomaji wa Kiswahili ni fundi. Magazeti yaliyomwambia habari yalikuwapo, yaliyompa mchoro na kumwambia aunde yalikuwa nadra, na kwa hiyo fundi wa Msimbazi alibaki akisoma alama za saketi peke yake na kuyaruka maelezo ya Kiingereza yaliyokuwa yakimweleza kwa nini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini zenye menyu za Kiswahili, na waliofanya kazi ile walilazimika kufumua programu, kuingia ndani yake na kuishona upya. Hao nawahesabu kuwa warithi halali wa majarida ninayoyazungumzia, kwa kuwa walikataa kukaa nje ya mashine.

Warithi wengine wako Mtaa wa Aggrey na Likoma, mchana kutwa, chini ya taa za mezani na kioo cha kukuza. Simu iliyokufa inafunguliwa, ubao wake unapulizwa kwa hewa ya moto, chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele inainuliwa kwa kibano na nyingine iliyotolewa katika simu ya maiti inakaa mahali pake. Na kando ya fundi, badala ya ukurasa uliobandikwa ukutani, kuna kioo kinachoonyesha mchoro wa ubao huo huo, alioupata kwa fundi mwenzake. Mchoro ule aghalabu ni wa siri ya kampuni, umetoka kwa mlango wa nyuma. Altair iliuzwa pamoja na michoro yake. Simu ya leo inauzwa imegandishwa kwa gundi, na mwenye kuifungua anaonywa. Fundi wa Aggrey anafanya kazi ngumu kuliko ya Steve Ciarcia, kwa maelezo machache zaidi, na hakuna mhariri anayemwomba aandike alichogundua.

Matoleo ya BYTE na ya wenzake sasa yamehifadhiwa kwa picha katika Internet Archive, na kijana yeyote mwenye simu aweza kulifungua toleo la Septemba 1975 akiwa ndani ya daladala. Neema hiyo ni kubwa. Lakini nakala zilizohifadhiwa huko ni za wasomaji wa Marekani na Uingereza. Za kwetu zina kitu ambacho hizo hazina. Nimeishika nakala moja ya Practical Electronics, iliyopatikana katika fungu la vitabu vikuukuu, ambayo msomaji wake alikuwa ameupitia mchoro wote wa saketi kwa kalamu ya risasi, akakata kila kipande kisichopatikana mjini na kuandika juu yake namba ya kile alichokuwa nacho, na kwenye ukingo wa chini akafanya hesabu upya ya volti, kwa Kiswahili, kwa sababu betri alizokuwa nazo zilikuwa za National za hapa hapa. Hesabu ile iko sawa, niliirudia. Nakala za namna hiyo bado zimo katika makabati ya Upanga na Gerezani, na katika masanduku ya chuma chini ya vitanda vya Ilala, na wenye nazo wanazeeka; nami nawasihi watoto na wajukuu wao, siku ya kuhama nyumba au kugawa vitu vya marehemu, wasiwape wauza karanga, bali wazipeleke Maktaba Kuu au Mlimani, zikiwa na majina yaliyoandikwa jaladani na orodha za waliokopeshwa, na maofisa watakaozipokea wasiziweke rafu moja na majarida ya kigeni, wazipe rejista yake pamoja na maandishi ya Watanzania.